Mwaka Niliojifunza Kusema Sina Baba

Jana nimerudi kutoka Kabambare, nilikokwenda kumzika ndugu yangu Saidi, na nimerudi na hasira. Mtu wa umri wangu hutazamiwa arudi mazishini na machozi, au angalau na mafua ya umande wa makaburini. Mimi nimerudi na hasira, na nimeona afadhali niiandike kabla haijapoa. Maji ya kuoshea maiti yalipokwisha kutiwa kafuri, nilivua kanzu, nikakunja mikono ya shati, maana Saidi ni mdogo wangu, tumbo moja, na wa kumwosha nimebaki mimi. Mlangoni nikamkuta Rajabu, mtoto wake mkubwa, amesimama. Huyu Rajabu tangu anaota meno ananiita baba mkubwa. Juzi hakuniita hivyo. Aliniita mzee. Akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu zote alizofundishwa, kwamba watu wa nyumbani wameshauriana, na kuosha ni kazi ya damu, na kwamba babu yao mwenyewe alikwisha kusema zamani mbele ya watu, kwa hiyo wananiomba nikae na wageni. Nikakaa na wageni. Wakaniletea chai mimi wa kwanza, kabla hata ya imamu, na heshima hiyo ya mgeni ilinichoma kuliko tusi. Hao walioshauriana hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa babu yao aliposema maneno hayo. Mimi nilikuwako. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, nimevaa shati jipya, na nilijua kwa nini anayasema. Alikuwa ananitafutia shule.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Waarabu na Wazungu. Kasongo yetu ilikuwa bado inanuka moshi. Nyumba kubwa kubwa za mji zimebaki kuta, mimea imeanza kuota sebuleni, na juu ya boma la posti, yaani kituo cha Wazungu, inapepea bendera ya bluu yenye nyota. Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wazungu, ilitaka mchele, na baba yangu alikuwa na mashamba ya mpunga. Mara moja wanawake wa askari waliingia shambani kwake wakavuna upande mzima. Baba akavaa kanzu yake safi, akaenda posti kulalamika. Aliniambia baadaye, na alilirudia jambo hili mpaka nikalichoka, kwamba alizungumza kwa urefu na kwa utaratibu, akataja mipaka ya shamba, akataja mashahidi, na alipomaliza, mkalimani alimgeukia mzungu akasema maneno yasiyojaza kiganja. Mzungu akacheka. Kisha ikatoka hukumu: baba awaongezee wale wanawake mchele, kwa kuwa amekiri kwamba anao mwingi. Baba hakukiri kitu. Hakujua hata alichosemewa. Alirudi nyumbani akaketi barazani mpaka chakula kikapoa, na alipoinuka alisema jambo moja tu, kwamba anataka mtu wa nyumba yake mwenyewe asimame kati yake na mzungu. Mtu huyo alikuwa mimi. Kwa wakati huo nilikuwa tayari nasoma alifu mpya za Kizungu kwenye ukumbi wa posti, pamoja na watoto wengine, tukifundishwa na sajini aliyejua kusalimu, kuhesabu na kutukana. Kifaransa cha namna hiyo kilitosha kumletea mzungu maji ya kunawa. Hakikutosha kutetea shamba. Aliyetaka zaidi ya hapo alipaswa kwenda shule ya juu, kule chini ya mto, karibu na bahari ya magharibi, na ili upokewe ilikubidi ufike huko unasoma na kuandika bila kushikwa mkono.

Baba akamtafuta Bwana Antoni. Huyu alikuwa karani wa ghala la posti, mtu wa mto wa chini, amelelewa na kusomeshwa na mapadri, mwembamba, mwenye viatu visivyo na soksi ambavyo alivipangusa kila akiketi. Kiswahili chake kilikuwa kimeokotwa njiani. Alikaa katika chumba nyuma ya ghala, na chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyolala baadaye: harufu ya mpira mbichi iliyopenya ukutani, majora ya nguo yamepangwa mpaka darini, sanduku moja ndilo meza na jingine ndilo kitanda, na kiti kimoja tu, ambacho mwanafunzi hakukikalia. Hakutaka ujira. Alitaka chakula cha kupikwa na mtu. Alisema tangu aondoke kwa mapadri anakula kama askari, na moyo wake umechoka. Basi kila siku baada ya sala ya adhuhuri nilikwenda na hero, sahani ya mti, juu ya kichwa, imefunikwa kawa: wali, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese, na samaki wa Lualaba akipatikana. Bwana Antoni alifunua, akafumba macho, akajipiga ishara ya msalaba, akala taratibu kwa kijiko hadi punje ya mwisho, na mimi nimekaa chini nikimeza mate. Akishamaliza ndipo tunafungua kitabu.

Kitabu kilikuwa kimoja. Kilikuwa na picha za ng'ombe, nyumba zenye mapaa yaliyochongoka, na mahali fulani watoto wamesimama ndani ya kitu cheupe kilichowafika magotini. Nilimwuliza Bwana Antoni ni kitu gani hicho. Yeye mwenyewe hakuwahi kukiona, akasema ni mfano wa unga wa muhogo, unaanguka kutoka mbinguni. Nilipompelekea mama habari hiyo alitafakari akasema basi huko hawajui njaa, wamekuja kutafuta nini huku? Nilijifunza kwa namna niliyoijua, yaani namna ya chuo cha Kurani. Baba alinichongea ubao mwingine, wa mti mwingine, ili ule wa Kurani usichanganywe. Niliandika somo la siku kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, nikakaa uani, nikalisoma kwa sauti huku nikiyumba mbele na nyuma, mpaka likakaa kifuani lenyewe, ndipo nikauosha ubao. Hapo ndipo mama alipopata mtihani wake. Maji yaliyoosha ubao wa Kurani yana heshima, huyamwagi hovyo, na mgonjwa hupewa akanywa. Haya maji ya Kifaransa je? Kuyanywa, hasha. Kuyamwaga chooni nako aliogopa, kwa sababu ni elimu, na elimu ni elimu. Mwishowe aliyamwagia mgomba uliokuwa peke yake nyuma ya jiko, na kwa muda mrefu hakuna aliyekula ndizi zake. Bwana Antoni alipokuja kwetu mara ya kwanza akanikuta ninayumba na kuimba habari za ng'ombe wa Ulaya, alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini hakunikataza. Alisema nisome hata kichwa chini miguu juu, ilimradi nikiulizwa nijue ninachosema.

Na nilijua. Hilo nalitamka kwa sababu leo vijana wa shule za misheni hapa Kasongo hutuona sisi wazee wa zamani kama watu tuliokariri bila kuelewa. Nilielewa. Ilifika siku nikaweza kumweleza Bwana Antoni kwa Kifaransa kwamba samaki wa leo ameungua kwa sababu mdogo wangu alikuwa analia, naye akanijibu kwa Kifaransa kwamba nimwambie mdogo wangu alie na kesho, maana samaki ameungua vizuri. Nilikwenda nyumbani nikikimbia. Sijui kama mtu aliyepata lugha kwa urahisi anaweza kuifahamu furaha ile. Nilihisi kwamba nimepewa chumba cha pili cha kuishi, na ufunguo ninao mimi tu. Baba hakujua hata neno moja, lakini jioni alinitaka nimsomee, akasikiliza amefumba macho, na wageni wakija barazani aliniita nisome mbele yao. Mji mzima ulimwita Baba Juma, kwa jina langu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na nadhani mwaka ule alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe. Nilikuwa mtoto mwenye bahati, na ningelijua hivyo ningelikula taratibu zaidi.

Mkubwa wa posti, tuliyemwita Bwana Mwavuli kwa sababu hakutoka kivulini bila mwavuli, alitangaza kwamba mvua zikianza kupungua atapeleka watoto chini ya mto. Baba akachinja kuku. Bwana Antoni akaalikwa, na mimi nikatumwa uani kumenya karanga, nikakaa upande wa pili wa ukuta wa sebule, ambao ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo na haukuficha neno. Nilimsikia baba akiuliza nguo gani ninunuliwe. Nikasikia kijiko cha Bwana Antoni kikiwekwa chini. Halafu akasema kwamba kuna jambo ambalo alidhani tunalijua. Shule ile haikuwekewa watoto wa watu. Imewekewa watoto wa Leta, na watoto wa Leta ni wa namna mbili: mayatima wasio na mtu, na wale waliotolewa utumwani. Mtoto mwenye baba yake na mama yake hapokewi, hata akisoma kama padri. Baba akauliza kama haiwezekani kumwomba Bwana Mwavuli. Bwana Antoni akasema sheria haikutoka kwa Bwana Mwavuli. Mimi huku nimeshika karanga, sijui niimenye au niiache. Kisha Bwana Antoni akasema kwamba yatima siwezi kuitwa, kwani Bwana Mwavuli humwona baba kila akileta mchele. Lakini baba akisema alininunua, nani wa kumbishia? Watu wa hapa wote walinunua watu, Leta inajua.

Mama alikuwa nyuma ya pazia, kwa kuwa mgeni ni mwanamume, na kwa kawaida hakusema kitu wakati wa chakula. Siku ile alisema.

"Na mimi, Bwana Antoni? Mimi nimemuzaa huyu mutoto, ao nimemununua?"

"Wewe hawatakuuliza, Mama Juma," akajibu. "Mama hapana ulizwa."

Kisha akaeleza jambo ambalo sikumsikia akilitaja tena. Kwamba yeye pia hakuwa yatima. Siku mapadri walipopita kijijini kwao kutafuta watoto, mjomba wake alimsukuma mbele akasema huyu hana mtu, na mama yake alikuwa amesimama palepale na kuni kichwani, na hakuna aliyemwuliza. Baba akamwuliza kama alirudi kumwona. Bwana Antoni akasema wali umekuwa mzuri sana leo. Nikasikia kijiko kikiendelea.

Baba alikwenda kwa mwalimu wa msikiti, mzee aliyenifundisha Kurani. Alirudi na uso uliofungwa. Mwalimu alimwambia kwamba nasaba haichezewi, kwamba mtu akimkana mwanawe mbele ya mashahidi amemkana, na kwamba neno hilo halina mlango wa kurudi. Baba alikuwa na hoja yake, na nimeifikiria maisha yangu yote bila kuweza kumlaumu. Alisema mbele ya mashahidi gani? Mzungu si shahidi. Mkalimani yule mwongo si shahidi. Neno linalosemwa posti ni kama ushuru, unalitoa ili upite, nalo linabaki hukohuko. Neno la kweli ni la msikitini, na msikitini mimi ni Juma mwanawe. Watu wa mji wetu wote waliishi hivyo miaka ile. Posti tulikuwa na majina mengine, umri mwingine, mashamba madogo zaidi. Tulidhani kuna ukuta kati ya boma na mji. Mama hakuwa na hoja. Aliacha tu kumpikia Bwana Antoni samaki. Akampelekea sombe tupu, siku baada ya siku, naye Bwana Antoni akala hadi jani la mwisho.

Ikabidi nifundishwe majibu. Bwana Mwavuli angeniuliza kwa Kifaransa, nami nilipaswa kujibu bila kusita. Jina langu nani. Nilizaliwa wapi: sijui. Mama yangu yuko wapi: sijui. Baba yako je? *Je n'ai pas de père.* Sina baba. Niliyaandika majibu hayo kwenye ubao kama masomo mengine, nikakaa uani, nikayumba. Yaliingia kifuani upesi kuliko habari za ng'ombe. Saidi wakati huo alikuwa mtoto wa kushika nguo za mama, na kila nilichokiimba alikiimba. Siku moja baba anarudi kutoka shambani, akamkuta Saidi amepanda kinu, anayumba, anaimba kwa sauti nyembamba nzuri kwamba hana baba, hana baba. Baba hakujua Kifaransa, lakini neno lile moja alikuwa amelijua. Alimshusha akamchapa kofi. Saidi akalia, asijue alichokosa, na mama akatoka jikoni akamchukua bila kumtazama baba. Juzi nilipokuwa nakunywa chai ya wageni nilikumbuka kofi lile, nikataka kumwambia Rajabu kwamba baba yako naye aliisema sentensi hiyohiyo, naye hakufukuzwa mlangoni. Sikumwambia. Angeniona nimechanganyikiwa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kuleta mchele, na hilo baba hakulipima. Tulidhani tutaitwa ndani, ofisini, sisi na mzungu na mkalimani. Kumbe Bwana Mwavuli aliweka meza nje, chini ya ukumbi, na uwanja umejaa watu wa mji na vikapu vyao vya mchele: jirani zetu, wazee wa msikiti wetu, ndugu wa mama, na baba yangu mdogo, Hamisi, aliyekuwa na kikapu chake kama wengine. Nilimwona baba akiwatazama mmoja mmoja. Angeweza kugeuka. Nilimshika upindo wa kanzu, naye akautoa mkono wangu, taratibu tu, kwa kuwa mtumwa hamshiki bwana wake nguo. Jina letu likaitwa. Bwana Mwavuli akauliza, mkalimani akageuza, na baba akasema kwa sauti aliyozoea kuitumia barazani, maana hakuwa na sauti nyingine:

"Mutoto huyu si wangu. Nilimununua Kabambare, njiani, angali mudogo. Wazazi wake siwajui."

Vikapu vilinyamaza, sijui niseme vipi, lakini uwanja ule ulikuwa na kelele za kumimina mchele na zikakoma. Bwana Mwavuli akaniita mezani. Akanipa kitabu ambacho sijawahi kukiona, nikasoma, na sikuweza kujizuia kuyumba, wakacheka yeye na mwenzake. Lakini nilisoma bila kosa. Akaniuliza nilichosoma kina maana gani, nikamweleza. Akaniuliza jina, mahali, mama, baba, nikajibu yote. Kisha akaniwekea mkono kichwani na kuniuliza swali ambalo Bwana Antoni hakunifundisha: mtu huyu alikuwa anakupiga? Nikasema hapana, Bwana. Akamgeukia mwenzake akasema, nami nikamwelewa barabara, kwamba tazama wanavyowaogopa mabwana zao, hata sasa. Ndipo akaamuru baba akae chini juani, mbele ya meza, mpaka kazi ya mchele iishe, ili awe fundisho kwa wengine wanaoficha watu walionunua. Baba akakaa chini. Alikunja kanzu yake safi asiichafue, ikachafuka. Na watu waliokuwa wakija kumwaga mchele wao walilazimika kumpitia, mmoja mmoja, na kila aliyempitia hakujua amsalimu au asimsalimu. Hamisi alimpita bila kumtazama. Mimi nilikuwa ukumbini, kivulini, nimepewa biskuti.

Tangu siku hiyo sikulala nyumbani. Mtoto wa Leta hulala posti. Mama aliniletea chakula mpaka lango la boma, na askari wa zamu akakipokea, na kilichonifikia kilikuwa nusu. Bwana Antoni aliniambia mjini sasa hawamwiti baba tena Baba Juma. Wanamwita Baba Saidi. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Watu walianza tu, wengine kwa dhihaka, wengine kwa huruma ili wasimkumbushe, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba aliitwa vingine. Hamisi, ambaye kwa kuwa Saidi alikuwa bado mdogo ndiye aliyemfuata baba kwa sauti nyumbani, alisema msikitini kwamba yeye alisikia kwa masikio yake, na wazee walisikia, na kama ilikuwa uongo basi kaka yake amesema uongo kuhusu damu, na kama ni kweli basi imekwisha. Mwalimu wa msikiti, aliyetuonya, akakunja mswala wake akatoka. Baba alijaribu kueleza. Kila alipoeleza, maelezo yalikuwa marefu, na lile neno la posti lilikuwa fupi. Nilipokuja kurudi Kasongo mtu mzima nilimkuta amekwisha kufa, na mama akiwa hai lakini hasikii vizuri, na Hamisi amekaa barazani petu. Alinikaribisha vizuri sana. Aliniuliza nitafikia wapi.

Siku ya kuondoka tulishuka mpaka mtoni, kundi la watoto, askari mbele na askari nyuma, kwenda kupanda mitumbwi. Sikutazamia kumwona mtu. Lakini kati ya wapagazi waliobeba mizigo ya posti nilimwona mzee mmoja anayetembea vibaya, mzigo unamwendea upande, hajui kuweka ngata kichwani. Baba yangu alikuwa amesafiri na misafara tangu ujana wake na hakuwahi kubeba hata bunduki yake mwenyewe. Amevaa shuka ya wapagazi. Sijui alimpa nini nyapara ili apewe nafasi hiyo, na sitaki kujua. Alipofika kando ya mtumbwi wetu alitua mzigo, na ndani ya mzigo akatoa furushi, akaniwekea miguuni. Lilikuwa bado na joto. Nililijua kwa harufu: vitumbua vya mama. Alibaki ameinama akifunga kamba ambayo ilikuwa imefungika, akasema bila kuinua kichwa nisali kwa wakati, nisimjibu mzungu kwa hasira, na nisisahau kwamba mkalimani mwema husema yote, marefu kwa mafupi, hata yale yasiyompendeza. Askari wa nyuma akamwuliza ni nani. Baba akasema mpagazi tu. Askari akanigeukia mimi, kwa kuwa alinisikia nikivuta pua, akaniuliza unamjua huyu? Nikasema alikuwa bwana wangu. Baba akatikisa kichwa kukubali, kama alivyofanya kila nikijibu somo sawasawa, akachukua ngata yake akaondoka na wapagazi.

Nilikula vitumbua vile na wenzangu, na njia nzima nilijipa moyo na shule. Nilijiambia nitasoma kuliko wote, nitarudi mkalimani, nitasimama uwanjani palepale na kusema kwa lugha mbili huyu ni baba yangu. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Tulifika kwenye kituo kikubwa cha Maporomoko tumechoka na wawili wanaumwa. Hapo palikuwa na mzungu mwingine, kijana, mwenye haraka. Alisimamisha nguzo yenye alama, akatupitisha mmoja mmoja. Waliokuwa chini ya alama wakaambiwa wasimame kulia: hao meli itawapeleka shule. Waliopita alama wakaambiwa wasimame kushoto. Mimi nilikuwa nimelelewa kwa wali na samaki. Niliuliza wa kushoto tunakwenda wapi, nikaambiwa kambini, kuwa askari, Leta ina upungufu wa askari. Nikatoka mstarini. Nikamwambia yule mzungu kwa Kifaransa, bila kuyumba, bila kosa hata moja, kwamba mimi nilipasishwa kwa ajili ya shule ya juu, kwamba ninasoma na kuandika, na kwamba kama nafasi ya shule hakuna, basi ninaomba nirudishwe Kasongo, kwa sababu nina baba, yuko hai, na mama yuko hai, na wananingoja.

Aliweka kalamu chini. Alimwita mwenzake aje asikie. Aliniomba nirudie, nikarudia, nao wakanisikiliza kwa raha kama watu wanaomsikiliza kasuku. Kisha akamwuliza askari wa mbele, aliyetuleta, kama ni kweli nina baba. Askari yule hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na sababu ya kunidhulumu. Alisema yeye alikuwapo uwanjani Kasongo siku ile. Mtu aliyekuwa na mtoto huyu alisema mbele ya watu wote kwamba si wake, na mtoto mwenyewe aliulizwa akasema hana baba. Mzungu akanipiga bega kwa upole.

"Unasema Kifaransa vizuri sana," akasema. "Kambini tunahitaji watu kama wewe. Hutakaa kuruta muda mrefu."

Alisema kweli. Kabla ya mvua nyingine nilikuwa koplo.